Kichwa Kiko Wapi?

Mhadhara kwa wakazi wa kata ya Bugwema, Musoma Vijijini

 

Naanza na ng'ombe, maana hapa Bugwema nikianza na ng'ombe hata wanaume watasikiliza. Mfugaji anayejua kazi yake, mtamba wake akianza kuhangaika, anaosha mkono, anapaka sabuni, anapima. Anatafuta kwato mbili za mbele na pua iliyolala juu yake. Akizikuta, anarudi kukaa chini ya mti na kumwachia ng'ombe kazi yake. Akikuta mkia, anajua leo hakuna kulala, na amejua mapema, jua bado liko juu. Sasa niambieni, baba zangu: ni nani hapa ambaye mkewe ana mimba ya miezi minane na anajua mtoto ametanguliza nini?

Kimya. Nilitegemea hivyo.

Mimi ni mkunga mstaafu. Nimezalisha kwa karabai, nikazalisha kwa taa ya sola, nikamalizia na tochi ya simu iliyoshikwa na mama mkwe wa mzazi huku akisali kwa sauti. Nimekuja kuzungumza juu ya mtoto anavyokaa tumboni katika wiki za mwisho, na juu ya upasuaji ambao haukuwa na ulazima. Watu huyatenganisha mambo haya. La kwanza wanasema ni la Mungu, la pili wanasema ni la daktari. Mimi nadai kwamba upasuaji mwingi usio wa lazima, na ule wa lazima unaochelewa, vyote huanzia siku moja: siku ya kliniki ambayo hakuna aliyeweka mkono juu ya tumbo akatulia.

Tuisome kadi ya kliniki. Wengi mnauliza uzito, mnauliza presha, mnauliza damu ni ngapi. Kuna nafasi mbili huko chini ambazo hamziulizi: Mlalo wa mtoto, na Kitangulizi. Mlalo ni jinsi mgongo wa mtoto ulivyolala ukilinganisha na wa mama, yaani wima, mshazari, au kukingama kama kuni mlangoni. Kitangulizi ni kile kilichoko langoni: kichwa, matako, miguu, au bega. Nafasi hizi mbili zinaandikwa upesi upesi, na mara nyingine, nisiwafiche, zinaandikwa kwa kunakili za mwezi uliopita. Nimewahi kuona kadi iliyosema "kichwa" mara nne mfululizo, kwa mwandiko uleule na wino uleule, na mtoto akaja kwa miguu.

Wiki ya 28, karibu robo ya watoto wametanguliza matako, na hiyo siyo ajabu. Maji ni mengi, nafasi ipo, mtoto anaogelea. Wiki zinavyosonga anakua, nafasi inapungua, na kwa kuwa mji wa mimba ni mpana juu na mwembamba chini, makalio na miguu iliyokunjwa hupata raha zaidi huko juu, kichwa kikashuka. Siku za kujifungua zikifika, waliobaki wametanguliza matako ni 3 au 4 kati ya 100. Kwa hiyo mama aliyepimwa ultrasaundi wiki ya 30 akaandikiwa "matako" amepewa habari ya siku ile tu. Kesho yake mtoto anaweza kupinduka mama akiwa shambani anapalilia mihogo.

Kwa nini wengine hawapinduki? Mara nyingine kuna sababu inayoonekana: mapacha, kondo la nyuma lililokaa chini likaziba mlango, uvimbe, maji mengi kupita kiasi, umbo la mji wa mimba wenyewe, au mimba haijafika. Mara nyingi hatuoni sababu yoyote, na hapo ndipo maneno ya mtaani huingia, kwamba mama alilala vibaya, alibeba maji mengi, aliruka kamba ya ng'ombe. Msimlaumu mtu. Hakuna mama aliyemkalisha mtoto.

Aliyekingama ni habari nyingine, na kwa Bugwema yetu ni habari kubwa, kwa sababu anapatikana zaidi kwa mama wa uzao wa tano, wa sita, wa saba, ambaye misuli ya tumbo imelegea na mtoto anajilalia kama yuko kwenye machela. Yule mama ndiye anayesema, "Mimi nimezaa sita nyumbani, kliniki ya nini?" Chupa ikipasuka, kinachoshuka ni mkono, au kamba ya kitovu. Mtoto aliyekomaa na akakingama hana njia ya kupita. Hapo usiniletee hotuba ya kuogopa kisu. Kisu ndicho kitakachowarudisha wawili nyumbani.

Yuko na wa tatu, ambaye hazungumzwi kabisa. Kichwa kiko chini vizuri, lakini kisogo kimeegemea mgongo wa mama na uso unatazama mbele. Mama wa mtoto huyu ataumwa mgongo kuliko tumbo, uchungu utakwenda polepole, njia itafunguka kwa kusuasua. Wengi wa watoto hawa hugeuka wenyewe uchungu ukikolea; wanaozaliwa wakitazama juu ni kama 5 kati ya 100. Ila mama huyu, akimkuta mtu mwenye haraka, ataambiwa ana nyonga nyembamba. Nimekutana na wanawake walioambiwa wana nyonga nyembamba ambao baadaye walizaa watoto wa kilo tatu na nusu kwa njia ya kawaida, na nyonga ni ileile.

Sasa mkono. Nitawaeleza polepole, maana kina mama wengi huguswa tumbo bila kuambiwa kinachotafutwa. Kwanza nenda haja ndogo. Kibofu kilichojaa kinadanganya. Mkunga anasugua viganja vyake vipate joto, kwa sababu mkono wa baridi unalikaza tumbo. Anasimama ubavuni, anaanza juu, chini ya mbavu. Kilichopo huko kikiwa laini, kipana, na ukikisukuma kinakwenda na mwili mzima, ni makalio. Kikiwa kigumu, cha duara, na ukikigonga taratibu kinachezacheza peke yake kama tikiti changa ndani ya ndoo ya maji, ni kichwa, na kichwa hakitakiwi kuwa juu wiki ya 36. Kisha mikono inashuka kandokando: upande mmoja ubao laini mrefu, huo ni mgongo, upande wa pili vitu vidogo vinavyokimbia, hivyo ni magoti na viwiko. Mwisho chini, juu kidogo ya mfupa wa kinena. Halafu anachukua ile tarumbeta ndogo ya kusikilizia moyo. Mtoto aliyetanguliza kichwa, moyo husikika chini ya kitovu. Wa matako mara nyingi husikika usawa wa kitovu au juu yake. Kazi yote haifiki dakika tano. Haihitaji umeme wala bando.

Nawe mama una vipimo vyako. Mtoto akikupiga mateke chini, kwenye kibofu, na ukawa na kitu kigumu kinachokubana mbavuni usiweze kuinama kuwasha moto, mwambie nesi. Akikujibu "ni kawaida" bila kukugusa, kaa palepale kitandani. Kwa upole, lakini kaa.

Niwasimulie kisa, na hospitali yenyewe sitaitaja. Nilikuwa bado kijana, nimepangiwa chumba cha upasuaji katika mji mmoja. Akaletwa binti wa mimba ya kwanza, wiki ya 39, amepangiwa upasuaji kwa sababu mtoto ametanguliza matako. Karatasi ya ultrasaundi ilikuwepo, na tarehe yake ilikuwa ya wiki nane nyuma. Nami nilikuwa napanga vifaa. Sikumgusa tumbo, nilijiambia waliokwisha kumgusa ni wakubwa zangu. Tumbo lilipofunguliwa kichwa kilikuwa chini, kimeshuka, kimejipanga kama kinavyotakiwa. Daktari alinyamaza. Mimi nilinyamaza. Mtoto alilia vizuri, na binti yule alishukuru sana akiondoka.

Mnaweza kusema, basi shida iko wapi, si wote walikuwa hai? Shida ilikuja miaka mitatu baadaye. Aliolewa kijijini, mbali na chumba chochote cha upasuaji. Mimba ya pili ikaja. Uchungu ulimwanza usiku, mvua inanyesha, mtu mmoja akampa dawa ya mitishamba ya kuongeza uchungu. Kovu likaachia. Alifika hospitali akiwa hai, na yu hai hadi leo, lakini mtoto hakufika na mji wa mimba ulitolewa. Nilipomwona wodini alinikumbuka kwa jina. Tangu siku hiyo sijapanga vifaa vya upasuaji bila kuweka mkono wangu mwenyewe kwanza, na wakubwa zangu kadhaa walinichukia kwa hilo.

Kwa hiyo ninaposema "upasuaji usio wa lazima", sizungumzii fedheha wala uvivu. Kuna wanawake wanaoona aibu kwamba walizaa kwa kisu. Hiyo aibu tuitupe ziwani. Wala upasuaji si kitu cha kigeni kwetu watu wa Maziwa Makuu. Mwaka 1879 mmisionari wa tiba Mwingereza, Robert Felkin, alishuhudia huko Bunyoro mganga wa kienyeji akimpasua binti wa mimba ya kwanza, kwa mvinyo wa ndizi wa kulevya na kusafishia, akafunga kidonda kwa pini za chuma na nyuzi za gome. Felkin aliandika habari hizo mwaka 1884, na anasema siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona. Kisu ni mali yetu pia. Ninachozungumzia ni hesabu ya kovu. Mwanamke wa mjini anayetaka watoto wawili na anakaa karibu na hospitali, kovu lake lina gharama moja. Mwanamke wa Masinono au Muhoji anayetaka watoto sita, kovu lilelile linamfuata katika kila mimba, na kila mimba inamtaka afike kwenye chumba cha upasuaji kabla uchungu haujakolea. Penye kovu moja la chini na uangalizi wa karibu, kuachia hutokea kama mara 1 katika 200 kwa wanaojaribu kujifungua kawaida. Uangalizi wa karibu, nimesema. Juu ya bodaboda hakuna uangalizi. Na makovu yakiwa matatu, manne, kondo la nyuma linaweza kuota ndani ya kovu lenyewe, na damu yake haina mchezo.

Kisu chenyewe nacho si chepesi. Utafiti uliofanywa katika nchi 22 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta kina mama 5 hivi kati ya 1,000 walifariki baada ya upasuaji wa uzazi, takriban mara 50 ya nchi tajiri. Sababu mnazijua: wamefika wamechelewa, damu haipo, mtaalamu wa usingizi ni mmoja na yuko likizo.

Mwaka 1985, kwenye mkutano wa Fortaleza huko Brazili, Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna eneo lenye sababu ya kuvuka upasuaji 10 hadi 15 kwa kila uzazi 100. Tanzania ilikuwa 6 kwenye takwimu za 2015 na 2016, na 11 mwaka 2022. Ukiitazama nchi nzima hatujavuka. Lakini wastani ni kama kuweka mguu mmoja kwenye maji ya moto na mwingine kwenye barafu. Pale Muhimbili upasuaji ulipanda kutoka 19 kwa 100 mwaka 2000 hadi 49 mwaka 2011. Muhimbili inapokea walioshindikana kwingine, hilo nalijua. Ila watafiti waliochambua walikuta ongezeko hata kwa wanawake ambao hawakuwa na hatari kubwa. Na wakati huohuo kuna mama aliyefia njiani kwa kukosa kisu hichohicho. Mapungufu mawili, nchi moja.

Turudi kwa mwenye matako wiki ya 36. Afanye nini? Mtaambiwa mpige magoti, kichwa chini, makalio juu, kila asubuhi. Tafiti hazijaonyesha kwamba hilo linamgeuza mtoto kuliko kukaa tu. Kama linakupumzisha mgongo, fanya; kliniki usiiache. Kuhusu bibi zetu wanaokanda tumbo, nawaheshimu, na baadhi yao wanajua kutambua kichwa kuliko nesi aliyetoka chuoni juzi. Bibi akikugusa akasema "huyu amekaa vibaya", msikilize, kisha njoo kwetu. Asisukume. Hajui kondo liko wapi, hajui kamba iko wapi, na kama una kovu la zamani anasukuma juu ya bomu.

Kumgeuza mtoto kwa nje kupo, na ni kazi halali ya hospitali. Kunafanywa kuanzia wiki ya 36 au 37, baada ya ultrasaundi kuonyesha kondo liko wapi. Mama analala chali akiegemea ubavu kidogo, anapewa dawa ya kulegeza tumbo, daktari anayainua matako kutoka nyongani na kukisindikiza kichwa kishuke mbele, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala bila kumwamsha. Moyo wa mtoto unasikilizwa kabla na baada. Karibu nusu hugeuka, na waliowahi kuzaa hufaulu zaidi. Panatakiwa chumba cha upasuaji jirani, kwa sababu takriban mara 1 kati ya 200 moyo wa mtoto hulalamika na inabidi mtoto atolewe haraka. Haifanyiki kwa mapacha, kwa aliyetokwa damu, wala chupa ikishapasuka. Ulizia. Neno la kusema ni hili: "Daktari, huyu anaweza kugeuzwa?" Wapo watakaoshangaa kwamba umeuliza. Waache washangae.

Asipogeuka? Hapa taaluma yetu yenyewe ilijikwaa. Oktoba 2000 jarida la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Mary Hannah wa Kanada, wanawake 2,083 wenye watoto wa matako katika nchi 26. Waliopangiwa upasuaji, watoto wao waliokufa au kuumia vibaya walikuwa 1.6 kwa 100. Waliopangiwa njia ya kawaida, 5. Hospitali za ulimwengu zikageukia upasuaji ndani ya miezi michache. Waliosoma hadi mwisho waliona kwamba katika nchi zetu, zile zenye vifo vingi vya watoto wachanga, pengo lilikuwa dogo, na watoto walipofuatiliwa hadi miaka miwili tofauti ya vifo na ukuaji haikuonekana tena. Lakini mkono ulikuwa umeshasahau. Leo nakutana na madaktari wazuri ambao hawajawahi kumpokea mtoto wa matako akiwa hai kwa njia ya kawaida. Na mtoto wa matako hangoji ratiba. Atafika zahanati saa tisa usiku, makalio yako nje, mkunga yuko peke yake. Mkunga huyo lazima ajue kwamba kazi ya kwanza ni kuweka mikono mbali. Asivute. Amwache atoke mpaka kitovu, mgongo ukitazama juu, na ndipo mabega na kichwa vina utaratibu wake. Wengi wa watoto hawa walivutwa kwa hofu, mikono ikapanda juu ya kichwa, kichwa kikanasa. Kwa mama mwenye nafasi ya kupanga, ushauri wangu ni mmoja: mtoto wa matako azaliwe hospitalini penye chumba cha upasuaji, iwe kwa kisu au bila kisu, na uamuzi ufanywe kabla ya siku.

Siku ya uchungu ina mtego wake. Mwaka 1972 Hugh Philpott na mwenzake Castle, waliokuwa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walichapisha mchoro wa uchungu tunaouita patografu, wenye mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua. Waliwafikiria wakunga wa zahanati za mbali kama ya kwetu: uchungu ukivuka mstari wa kwanza, anza kutafuta gari. Ni chombo kizuri, lakini kilizaa watu wanaotaka kila mwanamke afunguke sentimita moja kila saa kama saa ya ukutani. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema waziwazi kwamba kipimo hicho hakiwafai wanawake wote, na kwamba uchungu uliokolea uhesabiwe kuanzia sentimita 5. Mama akilazwa akiwa na sentimita 2, kesho asubuhi ataonekana amekwama, kumbe hajaanza. Atembee. Ale uji. Awe na mtu wake wa kumshika mkono. Tafiti zinaonyesha mwenye msindikizaji hapasuliwi ovyo kama asiye naye, na kule Kigoma shirika la Thamini Uhai limeonyesha kwamba vituo vya kawaida vya Tanzania vinaweza kumruhusu msindikizaji bila vurugu.

Baba zangu, sehemu yenu ni usafiri, na msingoje usiku ndipo muutafute. Murangi kuna kituo cha afya, Suguti kuna hospitali ya wilaya, Musoma mjini kuna ya rufaa. Jueni leo ni ipi kati ya hizo inapasua usiku. Namba ya kuita usafiri ni 115, haina malipo, ni ya m-mama, mpango uliozinduliwa nchi nzima mwaka 2022. Ambulensi ikikosekana hupangwa gari la mtaani na dereva hulipwa na mpango. Mama mwenye kovu, mwenye matako au aliyekingama, ahamie kwa ndugu aliye karibu na hospitali wiki mbili kabla. Najua ni msimu wa shamba. Huwa ni msimu wa shamba.

Maswali nitayapokea nje, chini ya mwembe. Sasa nawaomba wale wenye wiki 34 na kuendelea wabaki humu ndani. Dada wa zahanati amefunga kanga ile kwenye dirisha, na nimekuja na tarumbeta yangu. Njooni na kadi zenu, na waume zenu kama wamo. Choo kiko nyuma ya darasa la pili. Nendeni kwanza huko, kibofu kiwe tupu. Nani anaanza?